Nimekula Chumvi Nyingi: Mgahawa wa Mwanjelwa Usioweka Chumvi Mezani

Kijana wa bajaji aliyekaa meza ya jirani aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kifundo cha nailoni, akakifungua kwa meno, akanyunyiza chumvi juu ya maharage kabla hajaonja hata tonge moja. Mhudumu alimwona. Hakusema kitu. Aliendelea kupita na jagi la maji ya kunawa, na nilipomuuliza baadaye akacheka: "Mama, huyo ni wa kila siku. Tumeshamzoea na chumvi yake."

Mgahawa wenyewe uko Mwanjelwa hapa Mbeya, mtaa wa nyuma ya soko, chumba kimoja kirefu chenye meza nane na mabenchi. Jina silitaji, maana humu chini nina malalamiko mawili matatu na mwenye mgahawa ni mwanamke ninayemheshimu. Ukitaka kufika, mwambie bodaboda yeyote wa Kabwe akupeleke "kwa mama asiye na chumvi". Atakupeleka, na njiani atakusimulia kwa nini yeye mwenyewe hali pale.

Mimi nimefundisha sayansi kimu miaka 31, kwanza Iringa, kisha huku Mbeya, nikastaafu 2022. Nikila nje siwezi kula tu kama watu. Natazama chakula kama fundi cherehani anavyotazama koti la mtu kwenye daladala: macho yanaenda kwenye mshono. Mzee wangu, yaani mume wangu, aliendesha malori ya Tunduma tangu ujana wake, na maisha hayo ameyala kwa supu ya asubuhi, nyama ya kuchoma na chumvi ya kumimina kiganjani. Agosti mwaka juzi alipimwa presha bure kwenye maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Wakamwandikia 174 kwa 102. Akasema mashine yao imeharibika, akahamia banda la pili. Huko akakuta 171. Nesi wa banda hilo alikuwa binti mdogo tu, akamwamkia vizuri kabisa, "Shikamoo baba," halafu akamwambia ukitoka hapa usipitie kwenye kitimoto. Alipitia. Nilisikia harufu kwenye koti.

Tangu siku hiyo dawa anameza na nyumbani chumvi nimeishika mimi. Tatizo limebaki nje. Ndiyo maana niliposikia kuna mgahawa ulioondoa chumvi mezani nikamchukua bila kumwambia tunakwenda wapi. Mpaka leo tumeenda mara sita, kati ya Mei na Julai, asubuhi mara mbili na mchana mara nne.

Nianze na chakula, kwa sababu mgahawa ni chakula kwanza. Ugali maharage na mboga ya majani ni 2,500. Wali nyama 4,000, na wali ni wa Kyela kweli, ukifunuliwa unanukia kabla hujauona. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wa kukaanga na ugali 3,500. Supu ya mbuzi na chapati mbili 4,000. Ugali, kama ujuavyo, haujui chumvi. Hapo mababu zetu walitangulia sera zote. Usipa wao ndio bora niliokula Mbeya mwaka huu: haukuja umekaukiana kama vijiti, umekaangwa na kitunguu kingi, nyanya, pilipili mbuzi moja iliyotobolewa na ndimu ya kukamulia mwishoni. Ndimu hiyo ndiyo siri. Uchachu unaudanganya ulimi, unadhani chumvi ipo. Kila meza ina kisahani cha ndimu zilizokatwa mahali palipokuwa na kichupa cha chumvi zamani, na alama ya duara ya kichupa bado inaonekana kwenye meza za mbao.

Kachumbari nayo wameifikiria. Wengi wetu tunaosha vitunguu kwa chumvi ili kupunguza ukali, kisha tunasuuza harakaharaka na nusu ya chumvi inabaki humo humo. Pale wanaloweka vitunguu kwenye maji ya baridi, na baridi ya maji ya Mbeya mwezi wa Juni haihitaji msaada wa mtu. Kipande cha parachichi la Rungwe unaongeza kwa 300. Chukua. Parachichi, ndizi, maharage na viazi vina potasiamu, na potasiamu huzisaidia figo kuitoa sodiamu ya chumvi. Mtu wa huku anazungukwa na potasiamu pande zote halafu anakwenda kuifunika na chumvi.

Sasa jikoni. Mwenye mgahawa ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Alipojua mimi ni mwalimu, akaniamkia na kuniita mwalimu moja kwa moja, kana kwamba nilimfundisha. Siku ya tatu nilimwomba ruhusa nije na mizani yangu ndogo ya keki. Alikubali, nadhani kwa kutaka kujua mwenyewe.

Alinieleza alivyoanza. Kaka yake alipata kiharusi akiwa na miaka 49, upande mmoja ukapooza, na hospitali wakamwambia presha ilikuwa imepanda muda mrefu bila yeye kujua. Mama huyu akakaa akafikiri: huyu kaka alikuwa anakula kwangu kila siku mchana. Basi. Hakuna semina aliyohudhuria wala bwana afya aliyempitia.

Mpishi wake alikuwa anatia chumvi kwa kiganja, kama sisi wote. Nilimwomba yule mpishi achote kiganja kimoja kama alivyokuwa akichota zamani, nikakipima: gramu 38. Sufuria la maharage la sahani 40 lilikuwa linakula viganja vitatu. Piga hesabu: gramu 114, yaani karibu gramu 2.9 kwa kila sahani, na hayo ni maharage peke yake, mboga bado, nyama bado. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, ambazo hazifiki hata kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Dunia kwa wastani inakula karibu gramu 11. Kwa hiyo mteja wa maharage ya zamani alikuwa ameshamaliza zaidi ya nusu ya siku yake kabla ya kunywa maji.

Alichofanya ni kukifunga kijiko cha chai kwa uzi kwenye kopo la chumvi ili kisitembee. Akahesabu: viganja vitatu ni kama vijiko 20. Mwezi wa kwanza akaweka 18. Wa pili 16. Akashuka hivyo kwa miezi mitano hadi 10. Nimevipima hivyo vijiko 10, vikatoka gramu 58, kasoro kidogo ya gramu moja na nusu kwa sahani. Nusu ya zamani. Na katika miezi hiyo mitano hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika, kwa sababu ulimi ukipunguziwa taratibu unahama na wewe bila kuuliza mnakwenda wapi.

Halafu ndipo akaondoa vichupa mezani. "Mwalimu," aliniambia huku akisonga, mwiko haukusimama, "miezi mitano nawapunja chumvi hakuna aliyefungua mdomo. Siku nilipoondoa vichupa walinitukana mpaka bibi yangu marehemu."

Nilimuuliza vile vichupa vilikuwa vinamaliza chumvi kiasi gani kwa siku. Anajua, kwa sababu ndiye aliyekuwa anajaza: vijiko kama 15 kwa wateja wasiopungua 150. Hiyo ni kama nusu gramu kwa mtu, na ipo siku isifike. Yaani kile kilichozua ugomvi wote, kilichompotezea wateja, kilichompa jina mtaani, kilikuwa kidogo kuliko alichokwisha kukitoa kwenye sufuria kimyakimya. Hapa ndipo nilipoupenda mgahawa huu, na hapa ndipo ninapotofautiana na mwenyewe. Yeye anajivunia meza. Mimi ningejivunia kile kijiko cha uzi.

Sio yeye peke yake anayeanzia mezani. Argentina wana sheria ya chumvi tangu 2013, na humo vichupa vya mezani vimebanwa. Ni jambo linaloonekana, linapigwa picha, linaandikwa magazetini. Lakini Uingereza walikotoka gramu 9.5 kwa siku hadi 8.1 ifikapo 2011, kazi kubwa ilifanyika viwandani: mkate, soseji, supu za pakiti, kila bidhaa ikapewa kiwango na viwango vikashushwa pole pole, kama mama huyu alivyoshuka vijiko viwiliviwili. Matangazo ya kumwambia mnunuzi ajizuie yalikuwepo, lakini mkate wenyewe ulibadilika. Kule chumvi nyingi huwa imeshaingia kwenye chakula kabla mtu hajakinunua. Kwetu huku anayeitia ni mpishi, kwa mkono wake, kwenye sufuria. Kiwanda chetu cha chumvi ni mamantilie. Ukiwakusanya wapishi wa Mwanjelwa, Sae, Mafiati na stendi ya Nane Nane ukawapa kila mmoja kijiko na uzi, umegusa wanaume wote wanaokula mchana nje ya nyumba zao, na hao ndio wasiokwenda kupimwa.

Na wengi wao ni vijana waliotoka juzi Ileje, Mbozi, Kyela. Kijijini walikuwa wanakula viazi, ndizi na mboga za bustanini. Mjini wanakula chipsi, supu na chapati. Wenzetu wa Kenya walilifuatilia jambo hili zamani. Utafiti uliochapishwa 1990 uliwafuata Wajaluo waliohama kijijini kwenda Nairobi, ukakuta presha zao zinapanda mapema tu baada ya kuhamia, na mkojo wao unaonyesha sodiamu imeongezeka huku potasiamu ikipungua. Nilipokuwa namtazama yule kijana wa bajaji na kifundo chake nilimpa miaka 24 hivi. Presha katika umri huo haiumi popote. Kwetu Tanzania uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Meza yake ilikuwa na watu wanne.

Haya, malalamiko.

La kwanza ni magadi. Siku niliyopima chumvi nilimwona mpishi anatumbukiza kipande cha magadi kwenye maharage, ukubwa wa kidole gumba. Nikauliza hicho nacho kinahesabiwa? Wakanitazama. Magadi nayo ni sodiamu, ila ulimi hauitambui kwa sababu haina ladha ya chumvi. Sikuwagombeza, kwa sababu najua sababu yake na nimeifundisha miaka yote: Mbeya tuko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 95, kwa hiyo maharage yanayoiva kwa muda wa saa mbili Dar es Salaam huku yanakula mkaa wa nusu siku. Mkaa ni hela. Nikamshauri aloweke usiku kucha, amwage maji, ndipo achemshe. Mara ya tano nilipokwenda nikakuta ndoo mbili za maharage yaliyolowekwa pembeni ya mlango, na magadi yamebaki kwenye mlenda tu. Huo ndio wepesi wa kusikia ninaousifu.

La pili ni asubuhi. Huduma ya asubuhi ni mgahawa mwingine kabisa. Mwenyewe anafika saa tatu. Supu inaanza saa kumi na mbili, na anayeipika ni kijana wa zamu. Supu ile ilikuwa na chumvi ya kuhifadhia samaki. Juu yake chapati mbili: nilimuuliza anayekanda, anatia vijiko vitano kwenye kilo mbili za unga na anapata chapati 28, yaani gramu moja kila moja. Na kwenye supu kuna kiungo cha pakiti, vile vitu vinavyouzwa kama viungo lakini geuza nyuma usome, chumvi ndiyo inayotangulia kwenye orodha. Ukinywa bakuli lile na chapati mbili, saa tatu asubuhi inakukuta siku yako ya chumvi imekwisha, na umekaa kwenye mgahawa maarufu kwa kutokuwa na chumvi. Mzee wangu siku hiyo alifurahi sana. Alisema, "Kumbe wanajua kupika."

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Mara ya nne tulikwenda mchana, mwenyewe hayupo, amekwenda msibani Tukuyu. Kijana huyohuyo wa asubuhi ndiye aliyeshika jiko. Kijiko cha uzi kilikuwa kinaning'inia pale pale, kikavu. Mchicha ulikuja umejaa chumvi kiasi kwamba nilinyanyuka kwenda kunywa maji mara tatu, na maharage yamerudi kwenye viganja. Wateja hawakusema kitu. Mmoja aliagiza sahani ya pili. Usiku nilimpima mzee kwa mashine yetu, 163. Sisemi ni mchicha, mashine ya nyumbani ina mambo yake na siku hiyo alikuwa amegombana na fundi bomba. Ila niliwaza: kazi yote hii ya miezi inategemea mwanamke mmoja asije akafiwa na ndugu.

Afrika Kusini hawakuiacha itegemee mtu. Waliandika kanuni 2013, wakavipa viwanda muda, na kuanzia katikati ya 2016 mkate una kiwango cha sodiamu usichoruhusiwa kuvuka. 2019 kiwango kikashushwa tena. Mwokaji akiumwa, akisafiri, akifiwa, mkate unabaki vilevile. Najua mamantilie hawezi kupimiwa sahani kwa sheria, nani atampima, na sitaki kuona mgambo wanamwaga sufuria la mtu kwa sababu ya vijiko. Lakini mikate, vile viungo vya pakiti na vitafunwa vya dukani vina viwanda, vina anwani, na vina lebo.

Jambo jingine lililonichanganya ni chumvi ya potasiamu. Mara ya tano mwenyewe alinitolea pakiti mbili ambazo mwanawe kazinunua Dar es Salaam, chumvi ambayo sehemu ya sodiamu imeondolewa ikawekwa potasiamu. Alikuwa ameitumia kwa wateja wiki nzima. Niliilamba kavu: inaacha uchungu kidogo nyuma ya ulimi, kama umelamba funguo. Ndani ya maharage sikuisikia kabisa, na mzee, ambaye anajifanya mtaalamu, hakuisikia pia.

Habari ya chumvi hii ninaifahamu na ni nzuri. Kule China waliigawa vijijini, vijiji 600, watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wazee wenye presha. Nusu ya vijiji walipewa chumvi ya robo potasiamu, nusu wakaendelea na ya kawaida. Matokeo yalitoka 2021: baada ya karibu miaka mitano, waliokula ile ya potasiamu walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14, na vifo vilipungua kwa asilimia 12. Kazi kubwa ilikuwa kubadilisha pakiti. Kwa nchi ambazo chumvi inatiwa jikoni, kama China vijijini na kama sisi, ni dawa inayoingia kwa mlango uliozoeleka. Mwanzoni mwa 2025 Shirika la Afya Duniani nalo likatoa mwongozo unaopendekeza chumvi za namna hiyo badala ya ile ya kawaida nyumbani.

Lakini mwongozo huohuo unawaweka pembeni watoto, wajawazito, na watu wenye figo zisizofanya kazi vizuri. Mwenye ugonjwa wa figo akijaza potasiamu mwilini na figo zikashindwa kuitoa, moyo unaweza kukosa mpigo. Kuna na dawa za presha zinazoifanya potasiamu ibaki mwilini. Nyumbani kwako unajua nani anaumwa nini. Kwenye mgahawa wa watu 150 hujui. Nilimwambia hivyo, kwa upole, kwa sababu alikuwa ameinunua kwa bei kubwa na kwa nia njema. Alinyamaza muda, akafunga pakiti kwa rababendi, akasema ataipeleka nyumbani baada ya kumuuliza daktari wa kaka yake kwanza. Jibu zuri kuliko nililotegemea.

Niliigeuza ile pakiti kutafuta maneno mawili: madini joto, yaani iodini. Sikuyaona. Ninyi mliozaliwa juzi mtaona nasumbua. Bibi yangu Makete alikuwa na rovu shingoni lililokuwa kubwa kama ngumi, akilifunika kwa kitambaa, na kijijini hakuwa peke yake. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoteswa zaidi na ukosefu wa madini joto. Miaka ya 80 watu waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini hayo, na miaka ya 90 chumvi yenyewe ikaanza kuwekewa. Mpaka nastaafu, katika darasa la wanafunzi 60 nilikaa miaka na miaka bila kuona rovu. Kwa hiyo mtu akiniambia sera ya chumvi haiwezekani Tanzania, namwambia tulishafanya moja, ikaingia kwenye masufuria mengi bila mtu kugombana na mtu. Na mbili hizi hazipigani: watu wakipunguza chumvi, kiwango cha madini joto katika kilo ya chumvi kinapandishwa, ndivyo wataalamu wanavyoshauri. Ila hiyo ya kutoka Dar irudi dukani mpaka iandikwe.

Mengineyo kwa ufupi. Choo kisafi, sabuni ipo, maji ya moto ya kunawa, jambo kubwa kwa Julai ya Mbeya. Televisheni iko juu mno na sauti haipungui, nayo wangeifungia kijiko. Wahudumu wana adabu, wanaamkia. Chenji wanachelewa nayo.

Kuhusu presha ya mzee: mwezi uliopita kliniki ilikuta 146 kwa 90. Anameza dawa kila siku na nyumbani napika mimi, kwa hiyo sitaupa mgahawa sifa isiyo yake, nikifanya hivyo nitakuwa natia chumvi. Kwa chakula cha mchana, mwenyewe akiwepo, ninaupa nyota nne na nusu. Asubuhi nyota moja, na hiyo moja ni ya chapati kwa kuwa zinatoka moto.

Mara ya sita, wiki iliyopita, tulifika saa saba mchana. Kijana wa bajaji alikuwepo, mvua ilikuwa imemnyeshea, na kifundo chake kilikuwa kimelowa chumvi ikaganda kama jiwe. Alilikwangua kwa ukucha, akaona tabu, akalirudisha mfukoni, akavuta kisahani cha ndimu. Mzee wangu alimtazama, akakamua ndimu yake kwenye usipa, akakamua ya pili, akaomba ya tatu. Ya tatu wanaitoza 100.